Chuma kikipigwa mionzi: kinalegea au kinakakamaa?

*Swali: Mhandisi, salaam. Mimi ni fundi wa kuchomelea mabomba. Tukimaliza maungio, wakaguzi huja na chanzo cha gamma kupiga picha, wakitafuta nyufa na mapovu ndani. Ungio likikataliwa linarudiwa na kupigwa tena. Lipo moja limepigwa mara sita. Mwenzangu anasema chuma kikipigwa mionzi mara nyingi hulegea kwa ndani. Kijana wetu aliyesoma anabisha, anasema ni kinyume, kwenye vinu vya nyuklia chuma kinazidi kuwa imara. Nani mkweli? Na chuma kilichotoka kinuni kikiyeyushwa, si kinarudi kuwa kipya?*

Wa alaikum salaam, fundi. Nianze na ungio lako la mara sita: halijapata kitu. Lipige hata mara elfu sita, litabaki vile vile. Kijana wenu amesema kweli, ila ameishia nusu ya njia, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowanyima watu usingizi.

Mionzi si kitu kimoja. Chanzo cha wakaguzi wenu kwa kawaida ni iridiamu 192, na inachotoa ni gamma. Gamma haina uzito. Ikiingia kwenye chuma haigongi atomi nzima. Inasukuma elektroni, na elektroni hizo ndizo zinazokimbia humo ndani zikigonga huku na kule. Kwenye plastiki au kwenye mwili wa mtu hilo ni balaa, kwa sababu elektroni ndizo gundi inayoshika molekuli. Kwenye metali elektroni tayari ziko huru, zinazunguka kama watu sokoni. Ukisukuma moja, nyingine inachukua nafasi yake, mambo yanaendelea.

Kuing'oa atomi ya chuma mahali ilipokaa kunahitaji nishati ya elektronivolti 40 hivi (elektronivolti ni kipimo cha nishati ndogondogo za ndani ya atomi). Inaonekana ndogo, lakini elektroni ni nyepesi mno. Ili iweze kuipa atomi ya chuma teke la ukubwa huo, lazima yenyewe iwe na elektronivolti zaidi ya 600,000. Gamma nyingi za iridiamu ziko kati ya 300,000 na 600,000, na elektroni inayosukumwa hupata sehemu tu ya hiyo. Kwa hiyo si kwamba madhara ni madogo. Teke lenyewe halifiki. Kobalti 60, chanzo kingine cha gamma, ina nguvu zaidi, lakini kwa dakika chache za picha, atomi zitakazohama huwezi kuzipima kwa chombo chochote cha karakana.

Sasa kinu. Humo kuna nyutroni, chembe zitokazo ndani ya viini vya atomi, na habari inageuka kabisa. Nyutroni ina uzito, haina chaji, elektroni haziioni. Inapita katikati yao moja kwa moja hadi igonge kiini cha atomi. Nyutroni ya elektronivolti milioni moja ikigonga atomi ya chuma uso kwa uso inaweza kuiachia elektronivolti zipatazo 69,000. Linganisha na zile 40. Atomi iliyogongwa inaruka, inagonga jirani, jirani anagonga wengine, na kabla hujapepesa jicho, kwa kweli ndani ya sehemu ya trilioni ya sekunde, pana kijieneo kidogo ambamo mamia ya atomi zimetoka kwenye nafasi zao.

Kisha linatokea jambo ambalo mimi bado hunishangaza, ingawa nimelifundisha miaka mingi. Atomi nyingi zinarudi. Si lazima kila moja irudi kwake, lakini nafasi zinajazwa na mpango wa safu unajitengeneza upya. Zinazobaki bila makao ni chache, robo au theluthi ya zilizong'oka. Kila iliyobaki huacha vitu viwili nyuma yake: tundu pale ilipotoka, na atomi ya ziada iliyojibana kati ya wenzake pale ilipotua. Matundu yanatembea, atomi za ziada zinatembea, yanakutana na kufutana au yanajikusanya vikundi vikundi. Vikundi hivyo ndivyo vinavyobadilisha chuma. Ukubwa wake ni nanomita chache, huwezi kuviona kwa hadubini ya kawaida, na kipande chenyewe ukikishika hakina tofauti yoyote na kipya.

Kwa nini basi vitu vidogo namna hiyo vikifanye chuma kuwa kigumu? Hapa naomba uvumilie kidogo, maana ndipo penye jibu lako lote.

Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje, ukunjue, ukunje tena palepale. Mara ya kwanza ni laini. Mara ya tatu unahisi mkononi kwamba pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Mara ya saba au ya nane, pa! Umekatika. Ugumu ulikuja kwanza, mkatiko ukafuata, na mahali ni pale pale.

Chuma hupinda kwa sababu ndani yake kuna safu za atomi zilizoishia njiani, mikunjo tuseme. Kupinda ni kutembea kwa mikunjo hiyo. Umewahi kumtazama jongoo akienda? Hanyanyui miguu yote kwa pamoja. Wimbi linapita kutoka nyuma hadi mbele, na kila wimbi likipita mwili mzima umesogea kidogo. Mkunjo ndani ya chuma hufanya hivyo hivyo: hausogezi safu nzima kwa mkupuo, kazi ambayo ingetaka nguvu kubwa ajabu, unasogeza atomi mstari mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana chuma, pamoja na sifa zake zote, kinapinda. Sasa chomeka vijiti njiani kwa jongoo, kila baada ya upana wa kidole. Vikundi vile vilivyoachwa na nyutroni ndivyo vijiti. Mkunjo unafika, unanasa, unahitaji kusukumwa zaidi ili upite. Kwa kipimo cha maabara: chuma kimekuwa kigumu zaidi.

Na si kidogo. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304, kikiwa kipya, huanza kupinda moja kwa moja kwenye mkazo wa megapaskali 200 na ushei. Kikishapigwa vya kutosha karibu na kiini cha kinu (moyo wake, yalipo mafuta ya nyuklia, yaani urani) chenye joto la nyuzi 300 hivi, kinavumilia zaidi ya 700. Kijana wenu angeishia hapo na kushinda ubishi. Lakini muulize kilivutika kiasi gani. Kile kipya, ukikivuta, kinarefuka kwa makumi ya asilimia kabla ya kuanza kukonda sehemu moja. Kile cha kinuni kinaweza kuanza kukonda kabla hakijarefuka hata asilimia 1.

Fundi anajua kwamba chuma kinachopinda kinatoa taarifa. Boriti iliyozidiwa inashuka kwanza, bomba linavimba kwanza. Kwenye ncha ya ufa kuna mashindano: mkazo ukipanda, ama chuma kitapinda pale nchani na kuufanya ufa uwe butu, ama safu za atomi zitaachana na ufa utakimbia. Chuma chenye afya hupinda mapema, ufa ukatulia. Kikizuiwa kupinda na vile vijiti, mkazo nchani unaendelea kupanda hadi unafika kiwango cha kuachana, na ufa unaondoka kwa kasi ambayo hakuna mtu wa kuukimbiza. Kwa hiyo mwenzako naye alikuwa na hoja yake, ila neno alilolichagua si lenyewe. Chuma hakilegei. Kinakakamaa, halafu kinavunjika kama kigae.

Chuma cha kawaida cha mabomba na matangi tayari kina tabia hii kikiwa baridini, mionzi au hakuna mionzi. Meli ya mafuta SS Schenectady ilikatika karibu vipande viwili Januari 1943 ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, maji yakiwa shwari, usiku wa baridi. Kuna joto fulani, tuliite joto la kugeuka: juu yake chuma kinavutika, chini yake kinavunjika. Kinachofanywa na nyutroni ni kulisogeza joto hilo kupanda.

Tunalipima kwa nyundo ya Charpy. Kipande cha milimita 10 kwa 10, urefu 55, kina mkato wa umbo la V wa milimita 2 katikati. Nyundo nzito inaachiwa kutoka juu kama bembea, inakipiga mgongoni mwa ule mkato, na tunasoma ni nishati kiasi gani imeliwa. Wanafunzi wangu huwa nawapa vipande viwili vya chuma kile kile, kimoja cha joto la chumba, kingine kilichotoka kwenye naitrojeni kimiminika, yenye baridi kali mno. Cha kwanza kinatoa mlio mzito, na nyundo inapungukiwa mwendo waziwazi. Kipande kimejikunja, uso wa mkatiko ni wa kijivu, umefifia, una nyuzinyuzi, pembeni umechanika. Cha pili kinalia kwa ukali, nyundo inapita kana kwamba hakukuwa na kitu, na nusu zake mbili zinaokotwa ukutani. Uso wake ni bapa na unameta kama sukari ya chengachenga. Chuma cha kinuni kinaweza kukupa uso huo wa sukari bila naitrojeni yoyote.

Tanki kubwa linaloshikilia kiini cha kinu cha maji yenye shinikizo ni chuma chenye unene wa sentimita 20 hivi, kinachofanya kazi kwenye nyuzi 290 za Selsiasi. Kwa miaka 40 atomi zake zinazokaribia kiini hung'olewa kwa wastani wa chini ya mara 0.1 kila moja, yaani hata atomi moja kati ya kumi haijaguswa. Vipande vilivyo ndani kabisa, vinavyozunguka mafuta ya kinu, huko kila atomi hung'olewa mara makumi. Unaweza kudhani tanki, kwa kuwa limepata kidogo, halina shida. Kumbe ndilo linaloogopwa, kwa sababu haliwezi kubadilishwa, na kwa sababu ya jambo lililofanywa na mafundi wa kuchomelea kwa nia njema kabisa.

Tazama koili ya waya wa kuchomelea uliyonayo. Ile rangi ya wekundu ni shaba, imepakwa ili waya usishike kutu na umeme upite vizuri. Waya nyingi zilizochomelea matanki ya miaka ya 1960 zilipakwa vivyo hivyo, na shaba ikaingia kwenye maungio, mahali pengine ikafika asilimia 0.3. Nani angejali? Kwa kipimo chochote cha siku ile ungio lilikuwa zuri. Ila chuma kwenye nyuzi 290 hakipendi kubeba shaba kiasi hicho. Kingeitema kama kingeweza, lakini atomi za shaba hazina nafasi ya kusogea. Nyutroni zikaileta nafasi hiyo. Kila tundu linalopita linaipisha atomi ya shaba hatua moja, na polepole shaba ikajikusanya kuwa vidonge vya nanomita mbili tatu, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kijiti njiani kwa jongoo. Kwenye maungio yenye shaba nyingi, lile joto la kugeuka linaweza kupanda zaidi ya nyuzi 100. Nikeli ikiwepo inachochea zaidi, na fosforasi ina uovu wake. Kuanzia miaka ya 1970 shaba ilibanwa kwenye vyuma hivi, na matanki yaliyofuata yamezeeka kwa heshima zaidi.

Joto la kugeuka likipanda nyuzi 100, na kinu kiko kwenye 290, kuna hofu gani? Wakati wa kazi ya kawaida hakuna. Hofu ni maji ya baridi kuingia ghafla tanki likiwa bado na shinikizo. Tarehe 20 Machi 1978, kwenye kinu cha Rancho Seco, California, balbu ndogo iliyokuwa ikibadilishwa kwenye paneli ya udhibiti ilidondoka ndani na kupiga shoti. Vipimo vikaanza kudanganya, maji yakamiminwa kupita kiasi, na joto la mfumo likashuka kwa nyuzi zaidi ya 150 ndani ya muda wa saa moja hivi huku shinikizo likiwa juu. Tanki lilikuwa changa, likavumilia. Wahandisi wa Marekani baada ya hapo walikaa wakajiuliza lingekuwa na umri wa miaka 30 ingekuwaje, na kanuni zao za leo zinaweka kikomo: joto la kugeuka, kwa hesabu zao, likifika nyuzi 132 kwa mabamba na maungio ya wima, au 149 kwa maungio ya mzunguko, tanki haliendelei bila uchunguzi maalumu. Mzunguko umepewa nafuu kwa sababu shinikizo huchana bomba kwa urefu. Hilo fundi wa mabomba hahitaji kuelezwa.

Hawasubiri kubahatisha. Tangu siku ya kwanza vipande vya Charpy vya chuma kile kile na ungio lile lile hufungwa kwenye vikasha na kuning'inizwa ndani ya tanki, karibu na kiini kuliko ukuta wenyewe. Vinazeeka haraka kuliko tanki. Vikitolewa na kupigwa nyundo, unajua ukuta utakavyokuwa miaka kadhaa mbele.

Na ukuta ukishazeeka? Inawezekana kuupasha moto. Matanki ya Kisovieti ya aina ya VVER-440 yalitengenezwa membamba ili yaweze kupita kwenye reli, kwa hiyo ukuta ukawa karibu na kiini na kupata nyutroni nyingi. Mwaka 1987, huko Novovoronezh, walitoa mafuta na maji yote kwenye kinu namba 3, wakateremsha pete ya hita za umeme hadi kwenye ungio la karibu na kiini, na kulishikilia kwenye nyuzi zisizopungua 400 kwa siku kadhaa. Atomi zilizopotea njia zikapata nguvu ya kutembea na kurudi, matundu yakafungwa, vidonge vikalegezwa. Sehemu kubwa ya madhara ikafutika. Finland ilifanya hivyo kwenye kinu cha Loviisa 1 mwaka 1996, kwa nyuzi 475. Wewe unayetuliza ungio kwa moto baada ya kuchomelea umefanya ndugu ya kazi hiyo mara nyingi.

Kuna tabia nyingine za chuma cha kinuni, nizipitie haraka. Kwenye joto kubwa zaidi, nyuzi 350 hadi 600, matundu hujikusanya kuwa mapovu matupu na chuma kinavimba bila kuongezeka uzito. Watafiti Cawthorne na Fulton walilitangaza hilo mwaka 1967 kutoka kinu cha Dounreay, Scotland, na wabunifu wa vinu vya kasi (vinavyotumia nyutroni za kasi) wakarudi mezani. Vyuma vya kromiamu ya asilimia 9 hadi 12 huvimba kidogo sana kuliko vile visivyoshika kutu vya nikeli. Na kuna boliti: mwaka 2016 kwenye Indian Point 2, New York, boliti zaidi ya 200 kati ya 832 zinazoshika mabamba ya kuzunguka kiini zilikutwa na kasoro, kwa mchanganyiko wa mionzi, mkazo na maji ya moto.

Nina deni moja la uaminifu. Nilisema gamma haikigusi chuma. Kuna mahali iligusa. Kinu cha utafiti cha HFIR, Oak Ridge, Marekani, kilisimamishwa mwaka 1986 baada ya vipande vya majaribio kuonyesha tanki linakakamaa haraka kuliko hesabu. Walitafuta sababu kwa miaka. Mwishowe wakagundua kwamba kati ya kiini na ukuta kulikuwa na maji mengi kiasi cha kuzuia nyutroni za kasi, lakini gamma za nguvu kubwa zilipenya, na kwa wingi wake usio na mfano zikaing'oa atomi moja moja. Kwa hiyo inawezekana. Ila linganisha kinu kizima, usiku na mchana kwa miaka ishirini, na kidonge cha iridiamu cha dakika tatu.

Swali lako la mwisho, kuyeyusha. Upande wa nguvu, ndiyo: kikishakuwa uji, safu zote zimevunjika na zitapangwa upya, hakuna kumbukumbu ya tundu wala kijiti. Lakini nyutroni hazikung'oa atomi tu. Nyingine zilimezwa na viini vya atomi, na kobalti kidogo iliyomo kwenye kila chuma imegeuka kobalti 60, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5.3 bila kujali moto wa tanuri. Moto unapanga upya atomi, haufiki kwenye kiini cha atomi.

Mwaka 1983 huko Ciudad Juárez, Mexico, mashine ya hospitali ya kutibia saratani iliuzwa kama chuma chakavu ikiwa na maelfu ya punje za kobalti 60 ndani yake. Ikayeyushwa, zikatoka nondo na miguu ya meza. Waliozinunua hawakuwa na sababu ya kushuku chochote, nondo ni nondo. Januari 1984 lori lililobeba shehena hiyo lilipotea njia likapita kwenye lango la Los Alamos, maabara ya nyuklia ya Marekani, na vipimo vya getini vikalia.